Watoto wa Kuazima

Kila Alhamisi, kabla watoto hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, Rahabu aliandika kwenye ubao wa nje habari za shule na shughuli za wiki inayofuata. Ijumaa Idrissa, mjumbe wa kamati ya shule, alizisoma msikitini. Jumapili Rahabu mwenyewe alizisoma kanisani. Habari zenyewe zilikuwa za kawaida mno: zamu ya kuleta mahindi ya uji, siku ya chanjo, na ombi kwamba mwenye yule beberu mweusi amfunge, kwa maana amezoea kuingia darasani wakati wa hesabu.

Wiki moja ya Septemba tangazo lilikuwa fupi. Jumatano wageni kutoka wilayani watakuja kukagua shule. Wazazi wote wafike, na watoto waogeshwe.

Hapo palikuwa na jambo zito, na kila aliyesikia alilijua. Shule ya Unyisuu haikuwa shule kamili. Ilikuwa shule shikizi, vyumba viwili vya tofali za kuchoma vilivyojengwa na wanakijiji wenyewe, awali mpaka darasa la pili basi. Kwenye vitabu vya serikali watoto wake walikuwa wa shule mama, kilomita saba ng'ambo ya mto. Wakaguzi wakiridhika, Unyisuu ingesajiliwa na kuletewa walimu. Wasiporidhika, milango ingefungwa Januari na watoto wote wangevuka.

Mto wa huko usikudanganye. Miezi tisa ni mchanga mtupu, ng'ombe wanalala humo na akina mama wanachimba maji humo. Januari mpaka Machi mvua ikinyesha juu huko ambako huioni, maji yanashuka ghafla mchana kweupe, jua likiwaka. Miaka sita iliyopita yaliwakuta watoto wawili wakitoka shule. Mmoja alikuwa Noel, mtoto wa kwanza wa Rahabu, wa darasa la kwanza. Ni baada ya mazishi hayo watu wa Unyisuu walipoanza kufyatua tofali. Na ni hapo Rahabu, aliyeishia kidato cha nne, aliposhika chaki bila kuajiriwa na mtu. Sasa Amne, mdogo wake Noel, alikuwa anamaliza awali. Rahabu alitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba Amne asome upande huu wa mto.

Kilichopungua ni watoto. Barua ya wilaya ilitaka wanafunzi wasiopungua mia moja, na Unyisuu walikuwa sabini na mmoja. Mwaka ule ukame uliwapeleka wafugaji upande wa Itigi, na watoto wao wakaondoka na ng'ombe. Kamati ilikaa Jumamosi kulizungumza hilo. Mzee Laurenti, mwenyekiti wake, alisikiliza wote mpaka wakachoka.

"Mwalimu, harusi ya Filipo watu walikalia viti vya nani?" alimuuliza Rahabu.

"Vya ng'ambo, mzee."

"Na masufuria?"

"Ya ng'ambo."

"Kuna mgeni aliyeuliza?"

"Hakuna."

"Basi na watoto tutaazima. Wa siku moja tu. Dada zetu wameolewa huko, hawatatunyima."

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Lakini Unyisuu hakuna aliyewahi kupokea mgeni kwa vitu vyake peke yake. Sahani zina alama za rangi chini ili zirudi kwa wenyewe. Kuna kitambaa kimoja cha meza, cheupe chenye maua, ambacho kimehudhuria misiba na harusi nyingi kuliko mchungaji. Kuazima si aibu kwao. Aibu ni mgeni kukuta pungufu, na wangekesha wakihangaika ili hilo lisitokee.

Rahabu hakulipenda wazo lile. Alisema, "Mzee, hawa ni wakaguzi, sio wakwe." Mzee Laurenti akamjibu kwa upole kwamba mgeni ni mgeni. Idrissa akauliza kama mwalimu ana njia nyingine, aitaje. Rahabu alimfikiria Amne, akakubali, na kuanzia hapo lile kosa likawa lake pia.

Dada wa ng'ambo hawakunyima kweli. Walitoa watoto thelathini na mmoja, wote wa darasa la kwanza na la pili, na mwalimu mkuu wa shule mama akajifanya haoni, maana madarasa yake yalikuwa yamefurika na alitamani Unyisuu ipone. Walitembea Jumatano ile tangu alfajiri, sare zimefuliwa, viatu mkononi. Saa moja na nusu walikuwa wamefika. Rahabu aliwapanga katikati ya wenzao na kuwafundisha neno moja: ukiulizwa unakaa wapi, sema Unyisuu.

Wageni walikata kona kijiji cha Mkiwa, wakaacha lami, wakafika saa tatu wakiwa wekundu kwa vumbi. Walikuwa wawili, kijana mwenye kishikwambi na mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bi. Flora. Bi. Flora hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, alikagua vyoo kwa kuingia na si kwa kuchungulia, akasifu paa. Kijana alihesabu watoto mara mbili akapata mia moja na wawili. Mzee Laurenti alitazama juu kama mtu asiyejua hesabu.

Kwenye chumba cha pili mtoto mmoja wa kike alikuwa amelala, shavu kwenye dawati. Bi. Flora aliinama akamgusa bega.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Anastazia."

"Mbona umelala? Hujala?"

"Nimekula."

"Sasa usingizi wa nini?"

Anastazia alilikumbuka neno alilofundishwa, lakini hakuulizwa anakaa wapi. Aliulizwa kwa nini amelala, na kwao mtoto akiulizwa na mtu mzima anajibu alichoulizwa.

"Tumeamka usiku kuja huku. Tumevuka mto."

Bi. Flora aliitazama miguu ya mtoto, yenye mchanga mweupe mpaka magotini, kisha akaitazama miguu ya waliokaa dawati la mbele, na la nyuma yake.

"Mmetoka ng'ambo? Kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Pole. Ni mbali sana?"

Anastazia alikuwa amelelewa vizuri. Amefundishwa kwamba ukifika ugenini humlalamikii mtu njia.

"Hapana," alisema. "Njia ni nzuri."

Rahabu alitaka kumchukia yule mtoto, akashindwa.

Bi. Flora hakupaza sauti. Aliwaita Rahabu na Mzee Laurenti nje, kwenye kivuli cha ukuta, akafungua jalada. Humo mlikuwa na barua ya kamati ya kuomba usajili, ambayo Rahabu mwenyewe aliiandika. Barua ilisema watoto wadogo hawawezi kutembea kilomita saba na kuvuka mto.

"Nimekuta watoto wa miaka saba wamezitembea," alisema Bi. Flora. "Wamefika mapema, tukawahesabu. Mnataka niandike nini?"

"Sasa hivi ni mchanga, mama," Rahabu alisema. "Njoo Februari. Ule mto una watoto wawili. Mmoja ni wangu. Alikuwa anaitwa Noel, alikuwa na miaka saba."

Alisema yote, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa kijiji: siku, saa, na mahali walipomkuta, kilomita tatu chini, amevaa kiatu kimoja. Alipomaliza, Bi. Flora alikuwa anamtazama kwa huruma, lakini ile huruma ya kumwonea mtu aibu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "leo nimeshaambiwa mengi hapa. Naomba tuishie hapo."

Mzee Laurenti alifungua mdomo kutoa ushahidi. Aliufunga tena, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ameapa mbele ya wageni, nusu saa nyuma, kwamba watoto wote mia moja na wawili amewaona wakizaliwa. Kwa hiyo Noel akabaki hewani, mtoto wa kuazima kama wale wengine. Rahabu aliingia darasani akafundisha silabi mpaka kengele.

Majibu yalikuja Novemba, picha ya barua kwenye simu ya mtendaji wa kijiji. Umbali unahimilika. Takwimu si za kuaminika. Kituo kifungwe mwisho wa muhula. Barua haikutaja vyoo wala paa.

Januari watoto walivuka. Rahabu alikwenda shule mama kuomba kuendelea kujitolea. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti, akamwambia hana nafasi, alikuwa na barua ya onyo mezani kwa ajili ya watoto thelathini na mmoja. Rahabu hakumpeleka Amne shule. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila asubuhi alimwambia kesho. Alimfundisha nyumbani, kwenye kipande cha bati kwa mkaa, na Amne alisoma vizuri, haraka kuliko wote aliopata kuwafundisha. Mwezi wa pili mtendaji alifika na karatasi ya wazazi wasiopeleka watoto shule. Alikuwa kijana aliyekuwa akimwita mwalimu, na bado alimwita hivyo.

"Shikamoo, mwalimu. Ni sheria, mimi nimetumwa tu. Ama Jumatatu awe darasani, ama nikupeleke mahakama ya mwanzo. Na ukienda ndani, Amne atavushwa na nani?"

Rahabu alitia sahihi.

Jumatatu maji yalikuwa yanapita, ya rangi ya chai ya maziwa, magotini kwa mtu mzima. Mama wengine walikuwa wameshavusha wa kwao. Rahabu alimbeba Amne mgongoni, akamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, akaingia akipapasa chini kwa mguu. Amne alicheka njia nzima, maji yalimfurahisha. Ng'ambo alimshusha, akamfuta miguu, akamwonyesha wenzake waliokuwa mbele, na mtoto akakimbia bila kugeuka.

Rahabu hakurudi nyumbani. Alikaa ng'ambo ile ile na akina mama wengine wanne, kwa sababu juu upande wa milima kulikuwa kumefunga wingu, na shule hutoka saa nane. Kufika saa sita jiwe lililokuwa nusu nje ya maji lilikuwa halionekani. Mama mmoja alitoa viazi, wakala, wakanawa humo humo mtoni. Walibaki kuyatazama maji, na Rahabu alijua kwamba leo wakishindwa kuvuka watalala huku, na kesho asubuhi mtendaji akipiga simu shuleni ataambiwa Amne yupo darasani, ataweka alama kwenye karatasi yake, ataridhika.