Ukuta Uliolala Ndani

Fundi alikuwa ameutembelea mji wa kale kwa saa mbili, na kwa saa hizo mbili alikuwa ameudharau mtaa baada ya mtaa.

Alianza na lango. Mawe yake hayakulingana, kila moja na umbo lake, kama meno ya mtoto anayebadilisha. Chini ya lango walisimama wageni midomo wazi, wakipiga picha nyufa. Fundi akawadharau na wao. Nyumbani kwao, yeye angeacha ufa wa namna ile, mwenye nyumba angemfuata mpaka kwenye ibada.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, umeshaona hayo majumba ya wafalme?"

"Magofu, mama. Magofu matupu. Huyo fundi wao angekuwa kwangu, ningemfukuza kabla ya chai."

"Ila wewe ufaulu masomo. Usije ukafukuzwa wewe."

Alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwashi wa nyumba za matofali ya saruji, kisha akapata nafasi ya kusomea ukarabati wa majengo ya zamani katika nchi hii ya mbali. Mitihani miwili ya kuandika ilikuwa imemwangusha. Asubuhi ile mwalimu wao, mama mfupi aliyetembea kwa kasi kuliko wanafunzi wake wote, alikuwa amemwita pembeni.

"Leo mnatembea mjini kwa miguu, kila mtu peke yake. Chagua ukuta mmoja. Andika ukurasa mmoja: ukuta ukoje, na kwa nini uko hivyo. Wewe ukifeli na mtihani huu, muhula wa pili hutakuwapo. Nimeeleweka?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Karatasi zote zilitakiwa kumfikia kiranja kabla ya saa sita, kwenye ngazi za jumba la makumbusho. Na kiranja mwenyewe ndiye mtu ambaye Fundi alimdharau kuliko mji mzima. Walitoka nchi moja. Darasani walimwita Kamusi, kwa sababu hakukosa neno. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, viatu vyeupe, na maishani mwake hakuwahi kukoroga hata ndoo moja ya zege.

Fundi alichagua ukuta kwenye kichochoro nyuma ya soko. Akatoa mfukoni timazi yake, uzi wenye kitone cha shaba cha kupimia wima, aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaishika mbali kidogo na ukuta na kuishusha kutoka juu ya dirisha. Uzi ukaning'inia wima. Ukuta ukaukimbia uzi: chini ulijitokeza, juu ukalala ndani, vidole vitatu kwa kimo cha mtu.

"Ona aibu hii," alisema peke yake.

Akakaa kwenye kizingiti, akaandika bila kupumzika. Kwamba ukuta umepinda. Kwamba waliojenga walikuwa mafundi uchwara wasiojua timazi. Kwamba ubomolewe usije ukaua watu. Saa nne na nusu alikuwa mbele ya Kamusi.

"Eh, mzee wa saruji! Wa kwanza?"

"Wengine tunajua kazi," alisema Fundi, akaitupa karatasi juu ya begi la Kamusi kama anayemtupia mtu mfupa.

Sasa alikuwa huru kutalii. Alipita mitaa ya juu, mikono nyuma, akitoa hukumu. Dirisha lile dogo. Ngazi ile haina adabu. Nyuma ya kisima akafika kwenye nyumba ambayo ubavu wake mmoja ulikuwa umeanguka, na ukuta uliobaki ukaonekana tumbo wazi, kutoka msingi hadi juu.

Akasimama.

Chini ukuta ulikuwa mnene kama urefu wa mkono mzima. Juu ulikuwa nusu ya hapo. Upande wa nje ulilala ndani. Upande wa chumbani ulisimama wima. Akashusha timazi kwa ndani: uzi na jiwe vikagusana kama ndugu. Akaenda nyumba ya pili, kwa nje: vidole vitatu. Ya tatu: vidole vitatu. Ya nne hakupima kwa timazi, aliweka kiganja tu, akajua.

Fundi mmoja anaweza kupindisha ukuta. Mtaa mzima haupindi kwa kipimo kimoja. Walipunguza unene kadiri walivyopanda, ili uzito ukae chini, na chokaa yao laini isibebe isichoweza. Yeye aliyezoea tofali lenye unene uleule kutoka msingi hadi paa, alikuwa amesimama mbele ya watu waliojua kazi, akawaita uchwara. Tena kwa maandishi.

Saa tano na dakika ishirini.

Alishuka mbio. Njiani aliomba, lakini ombi lilikuwa la malalamiko: Mungu wangu, nimekuomba mambo mengi, na kila mara nilipiga magoti bila shida. Sasa unanipeleka nikamwombe huyu?

"Nipe karatasi yangu," alisema alipofika, akihema.

Kamusi aliinua macho polepole. "Hapa si duka la viatu, mzee. Ukishaikabidhi, hurudishiwi."

"Nimekosea."

"Umesemaje?"

"Umesikia."

Kamusi akaivuta karatasi, akaisoma kwa sauti: "'Mafundi uchwara wasiojua timazi.' Loo! Umewatukana marehemu wa watu! Wamekufanya nini?"

"Kijana, nipe. Tafadhali." Akanyoosha kiganja. "Nikifeli huu, narudi nyumbani."

"Nitakupa. Ila nieleze kwanza, umekosea wapi?"

Fundi alijua kwa nini anaulizwa. Alimwona vizuri kabisa: karatasi ya Kamusi mwenyewe, iliyochungulia juu ya rundo, ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kibao cha maelezo ya wageni, mpaka mwaka wa kujengwa. Akieleza, mwizi huyu ataiba. Asipoeleza, saa sita itagonga. Akaeleza yote, nyumba iliyobomoka, unene, vidole vitatu. Kamusi alisikiliza kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumwonyesha mtu, akamrudishia karatasi yake, kisha akachomoa na ya kwake. Wakakaa kwenye ngazi moja, wamepeana migongo, wakaandika upya, Fundi akichora na ukuta pamoja na vipimo vyake.

Alasiri mwalimu alisimama mbele ya darasa.

"Kamusi, una jicho kali. Umeuona ukuta kama mtu aliyeujenga." Akageuza ukurasa. "Fundi, lugha yako ni mbaya, umekatakata mistari. Lakini uliyosema ni kweli, na kwenye mchoro umepima mwenyewe. Unabaki."

Darasa likampigia makofi Kamusi. Naye akageuka, akanyoosha mkono.

"Hongera, mzee wangu."

Fundi aliutazama mkono ule laini usio na sugu hata moja. Akaushika kwa vidole viwili, kama mtu aokotaye tambara lililolowa.

"Asante," alisema, na kilichomuuma ni kwamba, kwa karatasi ile aliyorudishiwa, alikuwa anadaiwa neno hilo kweli.