Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Niliwaapisha wote kabla hatujatoka nyumbani. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikawaambia, "Leo hakuna kugusa kiti cha mtu isipokuwa kwa makalio. Nani hajasikia?"

"Tumesikia, bosi," akasema mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Turubai, maana tangu utotoni akiona turubai limetandazwa lazima alale juu yake. Baba akanyoosha mkono kama yuko mahakamani. Mume wangu ni kinyozi na hayo hayamhusu, lakini naye akanyoosha wake kwa uchokozi tu. Mama peke yake akajifanya anatafuta miwani.

"Mama?"

"Nimesikia, Pilipili. Kwani mimi kiziwi?"

Sisi ni watu wa viti. Tunakodisha viti, meza na mahema kwa sherehe za watu, na Baba ana sheria moja tu ya kazi: kiti kikishashuka kwenye gari ni cha mgeni, na mwenye kazi hakikalii hata kikibaki kitupu. Sheria hiyo imetuingia mwilini mpaka imepitiliza. Mama ndiye kazidi. Kwenye sherehe yoyote utamkuta kwenye nguzo ya nyuma ya hema, mkono kiunoni, macho kwenye safu, akichunguza ni mgeni gani bado amesimama.

Na kwenye harusi yangu alifanya hivyo hivyo. Yangu mimi, jamani! Kulikuwa na kiti cha mama wa bibi harusi, kimefungwa utepe, nimekichagua mwenyewe. Wageni wakazidi, Mama akakitoa kiti chake kwa shangazi wa watu hata hatumjui, yeye akaenda zake nguzoni. Nikigeuka kumtafuta mama yangu, namwona yule shangazi anatafuna. Nilimeza mate machungu siku ile, na sikumwambia kitu. Kwa hiyo mteja wetu alipoahirisha harusi yake, tukapata Jumamosi nzima ya kwetu, nikasema twende tukautembelee mji wa kale. Wao walidhani nataka kuona majengo. Mimi nilitaka kumwona mama yangu amekaa.

Kwenye treni alisimama. Viti vilikuwa vitupu kushoto na kulia, yeye kashika bomba. "Huenda kuna mtu atapanda kituo kinachofuata," akasema.

"Na hao watu wanaopanda, wamekuzaa wewe?" nikamuuliza. Akatazama nje ya dirisha kama hajanisikia.

Lakini tulipopita lango la mji, wacha nikwambie, tulirukwa na akili. Kuta nene, vichochoro vya mawe, mnara juu, njiwa chini! Turubai alikumbatia mzinga wa vita wa zamani, akakataa kuuachia mpaka apigwe picha. Mume wangu akasimama mbele ya sanamu ya jemadari fulani, akaizunguka yote, kisha akauliza kwa uchungu wa kweli, "Huyu nani alimnyoa?" Baba kwenye uwanja mkubwa akaanza kupima kwa hatua. Nikamfuata mbio.

"Baba, unafanya nini?"

"Hakuna. Nanyoosha miguu."

"Unapima mahema."

"Makubwa manne, mwanangu," akaninong'oneza, macho yanang'aa. "Na jiko unaliweka pale kwenye kanisa." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Karibu na chemchemi kulikuwa na benchi tupu, kivulini. Nikasema sasa ndiyo sasa. Mama akalisogelea. Akalishika. Akalitikisa. Akasema lina mguu mfupi, akakunja tiketi yake ya treni, akaisokomeza chini ya mguu, akamwita bibi mmoja mpita njia: "Karibu mama, ukae, sasa halitikisiki." Nilisonya mpaka njiwa wakaruka.

Mchana tukaingia kwenye nyumba ya tajiri wa zamani, ambayo sasa ni makumbusho. Dada mwenye kutembeza wageni alituongoza pamoja na kundi la watu wengine, akitueleza habari za dari. Watu wote walitazama dari. Sisi tulikuwa tunatazama miguu ya viti. Tukachelewa, kundi likatuacha, na Turubai, ambaye njaa ilishamfika kooni, akaenda kutafuta mlango wa kutokea. Akasukuma mlango mmoja mkubwa, halafu akatuita kwa sauti ya msiba.

"Njooni mwone."

Ulikuwa ukumbi wa karamu. Meza ndefu, sahani, bilauri, vyote vimetulia. Lakini viti! Vingine vimeipa meza mgongo, vingine vimekwenda ukutani, na kile cha upande wa juu, kikubwa kuliko vyote, kimelala chali. Kamba ya kuzuia watu ilikuwa imefunguliwa, inaning'inia.

"Aibu gani hii," Baba akanong'ona.

"Tulikubaliana nini asubuhi?" nikasema.

"Ndiyo, lakini angalia."

Mama alishaingia zamani. Alikiinua kile kiti kilichoanguka, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, akakiweka mahali pake polepole. Hapo ndipo mambo yakaharibika. Baba akashika safu ya kulia, Turubai ya kushoto, na mimi nikaingia nikiwafokea: hamna haya, hamna kiapo, nyie si watu wa kutoka nanyi! Katikati ya kufoka nikajikuta nimebeba viti viwili, kila mkono kimoja.

"Pilipili," mume wangu akasema mlangoni, machozi ya kicheko yanamtoka, "hiyo mikono ndiyo makalio?"

"Nyamaza. Sogeza hicho kushoto kidogo."

Tulipomaliza, Mama akafumba jicho moja, akaitazama safu kutoka mwisho. "Hapo sasa," akasema. Kwa kweli ilipendeza.

Wakati huohuo akaingia yule dada na kundi lake, anatembea kinyumenyume, mikono juu. "Na huu, ndugu wageni, ndio ukumbi wetu maarufu! Binti wa nyumba hii alikuwa anaolewa, nyuki wakaingia dirishani, watu wakatimua mbio. Mama wa bibi harusi akakataza kitu kisiguswe. Mpaka leo kila kiti kiko vilevile walivyo..." Akageuka. Mikono ikabaki hewani.

Nilishatuona wote rumande, Turubai analia njaa. Baba, maskini, akaona watu wanakodoa macho, akadhani wanashangaa uzuri. "Msijali," akasema, anatabasamu. "Hatutozi."

Nyuma yao akatokea mzee mtunza ukumbi na ufagio mkononi. Kumbe ndiye aliyefungua kamba, akaenda kuufuata. Alitutazama mmoja mmoja. Akazitazama safu. Kisha akaegemea ufagio wake, akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Miaka yote nafanya kazi hapa," akasema, "watu wanaiba vijiko. Hawajawahi kunipangia."

"Tuvirudishe, mzee," nikasema haraka. "Tuambie tu kipi kilikuwa wapi."

"Havirudishwi kwa mkono, binti. Ukivitawanya kwa mkono vinaonekana vimetawanywa kwa mkono. Vya kweli vimefungiwa stoo, hivi vimechongwa kwa kuigiza. Kila nikipiga deki nawaita wafagizi wote, wanakaa, napiga kelele ya nyuki, wanakimbia. Basi. Leo mtakimbia nyinyi. Kaeni!"

Watu hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Kundi zima likavamia meza, na mume wangu akavuta kiti akajipachika katikati. Baba na Turubai walisita, wakakumbuka sheria, nikawatolea macho, wakakaa ukingoni kama wanafunzi wapya. Vikabaki viti viwili upande wa juu, kimoja pembeni ya kingine.

"Hicho cha bibi harusi," mzee akaniambia. "Na hiki kikubwa cha mama yake. Mama, karibu."

Mama alikuwa amesharudi nyuma, kasimama kwenye nguzo. Kweli tena, ukumbi ulikuwa na nguzo na yeye alishaiona. "Mimi nitasimama hapa niwaangalizie safu," akasema.

"Safu ndiyo tunataka iharibike, mama."

"Mpe mwingine. Yule kaka pale amesimama."

Basi nikashindwa. Nilitaka kufoka, sauti ikatoka nyembamba. "Mama, hiki kiti ulishampa mtu siku yangu. Niligeuka kukutafuta nikamkuta shangazi wa watu. Leo usimpe mtu. Kaa, Mama. Nakuomba."

Mama akatoka nguzoni, akashika mkono wa kiti. Hakukitikisa. Akajishusha polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto, na mgongo wake ukagusa mgongo wa kiti. Nami nikakaa kando yake.

"Nyuki!" mzee akapiga ukelele.

Mama weee! Ilikuwa mguu niponye. Viti viligeuka, wageni wakapiga mayowe, Turubai akatoka wa kwanza kwa mwili wake wote ule, mume wangu akapoteza kiatu, Baba anakimbia huku anacheka kama mtoto aliyeiba sukari. Nilikimbia nao mpaka kwenye ujia, nimeshika ukuta, sina pumzi. Nikageuka. Mama hayupo.

Nikarudi. Viti vilikuwa vimetawanyika pande zote, vizuri ajabu, na katikati yake Mama amekaa, mikono mapajani, ameegemea.

"Mama, nyuki!"

"Waje."

Mzee akakohoa taratibu. "Hicho, mama, kilitakiwa kianguke chali." Kisha akamtazama vizuri, akauchukua ufagio wake. "Lakini hakina haraka. Nitakiangusha mwenyewe tukifunga."

Mama akanionyesha kiti cha bibi harusi, ambacho nilikuwa nimekiacha kimegeukia ukuta. "Kigeuze, ukae hapo," akasema. "Unielekee. Siku yako nilikuwa nguzoni, nikakuona kisogo tu. Kilisukwa vizuri, sisemi kitu. Lakini uso wako niliuona kwenye picha."

Nikakigeuza, nikakaa, magoti yangu yakagusa yake. Machozi yalikuwa yananitoka na kicheko bado kipo.

"Umependeza," akasema Mama.

"Mama, nimevaa raba. Na nimeloa jasho."

"Nyamaza," akasema. "Bibi harusi haongei sana."