Supu ya Karai la Chini

Bi Fatu hakuwapenda mbwa, na wenye kuwapenda aliwaona wamepungukiwa kitu. Alikuwa mpishi wa Mama Elke, Mjerumani aliyehamia Malindi baada ya kustaafu kwao, na kila asubuhi alipitia buchani kwa Msellem kumchukulia mifupa ya mbwa wake wawili, Bruno na Rita. Mifupa gani hiyo! Imejaa uboho, na nyama imeachwa juu yake ya kumshibisha mtu mwenye haya zake.

Msellem aliweka nyama ya watu mezani. Ya mbwa aliitupa kwenye karai lililokaa chini, karibu na mlango wa nyuma, na mjini hapakuwa na mtu asiyelijua karai hilo.

Mama Elke alishikilia kwamba mifupa itolewe mibichi. Bi Fatu aliitikia kwa mdomo tu. Mwanamke mzima, kazunguka dunia, hajui kwamba kitu hupikwa ndipo kikaliwa! Na nyumbani kwake, mtaa wa Barani, mumewe Badi alikuwa amelala tangu apasuliwe tumbo, amebaki ngozi na macho, na daktari alisema bila supu hatapata nguvu. Supu ya mifupa, na mifupa inakwenda kwa Rita!

Basi akaleta kwa Mama Elke sufuria yake mwenyewe, maana za mle ndani hakujua mbwa kalamba ipi. Karai la Msellem halikuwahi kuguswa na pua ya mbwa, alijiambia, ni jina tu. Akaiosha mifupa mpaka maji yakatoka meupe, akaichemsha kwa tangawizi na ndimu, akaitia supu kwenye chupa ya chai na kuificha ndani ya buibui. Mifupa iliyochemka akawatupia mbwa wenyewe. Badi aliambiwa ni hisani ya Msellem. Akanywa, akaanza kuketi, kisha akaanza kugomba, na Bi Fatu akajua anapona.

Ndipo Bruno akakwamwa. Alitapika damu kwenye zulia, na daktari wa wanyama akamtoa kooni kijipande cha mfupa kilichochongoka. Mfupa ukipikwa hukatika vipande vikali, akasema, huu ulipikwa.

"Nimeupika mimi," Bi Fatu alisema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza. "Supu nimempelekea mume wangu, ni mgonjwa."

Mama Elke akalia. Hakumfukuza. Angalimfukuza ingalikuwa nafuu.

"Fatu, kwa nini wewe hapana sema? Mimi nitasaidia."

Kesho yake wakaenda buchani pamoja. Ilikuwa Ijumaa, watu wamejaa, na nusu yao ni majirani wa Barani. Mama Elke akanyoosha kidole, sauti yake ya kusikika hadi barabarani.

"Hii ya Bruno. Hii ya Rita. Na moja ya bwana ya Fatu."

Msellem, kwa mazoea ya mkono, akainama. Mafungu yote matatu akayatoa kwenye karai la chini, akayapanga sawasawa mbele ya Bi Fatu. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo kwa mtandio, na haikuwa kwa huruma.

"Msellem," Bi Fatu alisema, "mume wangu hali cha karai la chini."

Akayachukua mawili ya mbwa, akampa Mama Elke mkononi, akatoka. La tatu aliliacha pale pale. Njia nzima aliwatukana moyoni: mzungu na wema wake wa kupiga kelele, Msellem na mkono wake usio na akili, majirani na mitandio yao. Alipofika mlangoni alibaki mmoja tu wa kutukanwa, naye alikuwa yeye.

Badi alikuwa ameketi kitandani, kikombe mkononi.

"Supu ya Msellem iko wapi leo?"

"Hamna. Utakunywa uji."

"Msellem amechoka kutupa?"

"Amechoka," alisema Bi Fatu, akaenda kuwasha jiko.