Raba za Kijivu

Usijifanye hukuona. Mwenzetu wa usafi alipoteleza kwenye ngazi za ofisini kwenu, ndoo ikabingirika mpaka chini, wewe ulikuwa unapanda. Ulikunja suruali isilowe, ukamruka. Alivunjika nyonga, na hajarudi kazini mpaka leo. Wengine husahau. Mimi sisahau.

Ajali ile ndiyo iliyomfanya wifi yangu, anayedeki ngazi zilezile, aniombe nimsindikize dukani. Alitaka raba za kijivu, avae kazini, avae msibani, aendee nazo kikao cha shule ya watoto.

"Rangi isiyogombana na mtu," alisema.

"Kama kaka yangu."

"Kaka yako hagombani kwa sababu muda wote amelala."

Muuzaji alituletea kwanza nyeusi, zinang'aa. Wifi akazivaa, akatoa chupa ya maji mkobani, akamwaga kidogo kwenye vigae.

"Mama, hapa ni dukani, si bafuni."

"Nitapadeki mwenyewe, baba. Ndiyo kazi yangu."

Akakanyaga. Mguu ukamponyoka, nikamdaka kiunoni. Akavaa za kijivu, zenye soli ya meno meno, akakanyaga palepale na kujisukuma kwa nguvu. Zikashika. Utani ukamwisha. Akapiga magoti, akayafuta yale maji kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akasema, "Hizi."

Leo asubuhi msimamizi wetu akamzuia mlangoni.

"Sare ni viatu vyeusi."

"Vyeusi vinateleza, bosi. Nimevijaribu."

"Nimekuuliza kama vinateleza? Chukua vyeusi vya stoo, au rudi nyumbani."

Wifi akamkumbusha, kwa upole, habari za yule aliyevunjika. Akajibiwa kwamba yule hakuwa makini. Watu wa ofisini mlikuwa mnapita katikati yao, macho kwenye simu. Nawe ulipita. Miguuni ulikuwa na raba za kijivu, na hakuna aliyekuzuia.

Sasa hivi wifi amekaa hapa chini ninapokuitia, mlangoni pa stoo, raba zake mpya kando, anavaa vile vyeusi ambavyo soli zake zimelika zikawa laini kama sahani. Ana watoto wanaomtegemea, hawezi kurudi nyumbani. Ngazi zimeshamwagiwa sabuni.

Weka hiyo simu. Shuka. Mwambie msimamizi, mbele yetu sote, kwamba huyu mama atadeki na raba zake. Anafunga kamba za mguu wa pili. Shuka.