Bolti Kumi na Sita Zilizonyooka

Watu wakisikia kazi yangu ni kupima nguvu za vimbunga, huniuliza: "Unakipimaje na kimeshaenda zake?" Ni swali zuri, na mara mbili za kwanza huwa nalijibu kwa upole. Mara ya tatu nachemka. Jamani, kifaa cha kupima upepo ukikiweka njiani mwa kimbunga, kinaondoka nacho! Tunachopima ni kilichobaki. Tunaangalia paa, ukuta, mti, nguzo ya umeme, halafu tunajiuliza: ili kitu hiki, kilichojengwa hivi, kivunjike hivi, upepo ulihitaji mwendo gani? Jibu ndilo linalotupa daraja, kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri hung'oa vigae na matawi. Tano husomba nyumba imara na kuacha sakafu tupu.

Ugumu wote umo kwenye hilo "kilichojengwa hivi". Kibanda kibovu kikianguka, si sifa ya upepo. Nimeona watu wazima na shahada zao wakitoa daraja la nne kwa nyumba ambayo hata mimi nikiwa na hasira ningeiangusha.

Nayasema haya mapema ili uelewe kwa nini Jumanne ile nilisimama mbele ya msingi wa nyumba ya mama yangu mzazi, fomu mkononi, na kalamu ikanigomea.

Kimbunga kilipita Jumatatu alasiri, dakika nne tu, kikaukata mtaa kwa upana wa nyumba tatu. Hakikuua mtu, tunashukuru. Mama alikuwa peke yake. Alijilaza ndani ya beseni la kuogea, lile la chuma, akajifunika godoro. Walimkuta humo humo, hatua thelathini kutoka pale bafu lilipokuwa, mfupa wa bega umevunjika, anauliza nani kachukua kuta zake.

Asubuhi nilipitia hospitalini kabla ya kazi. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na vitano vyote vilikuwa vinamsikiliza yeye.

"Nyumba yangu kaijenga mwanangu," alikuwa akimwambia muuguzi. "Huyo si fundi wa kubahatisha. Nyumba ile isingetoka kwa upepo wa hivi hivi. Hiyo ni daraja la nne hiyo, kama si la tano. Muulize huyu binti yangu, ndiyo kazi yake."

Madaraja anayajua kwa moyo. Miaka ishirini nimekula mezani kwake huku nikimsimulia mapaa ya watu.

Mdogo wangu, ambaye mji mzima unamwita Fundi, alikuwa amekaa miguuni pa kitanda akiangalia viatu vyake. Nyumba ya mama aliijenga miaka mitatu iliyopita, na nyingine kumi na moja kabla na baada ya hapo. Alinifuata hadi kwenye korido.

"Dada, tangu alfajiri wateja wawili wamenipigia. Wanauliza kama nyumba zao ni salama."

"Na ni salama?"

"Ukitoa nne, watatulia. Wataelewa kwamba hapo hakuna nyumba ambayo ingesimama. Ukitoa ndogo, nani atanipa nyumba tena? Nimekwisha."

"Nitatoa itakayotoka," nikamjibu, nikaondoka haraka ili asiuone uso wangu.

Sheria ya ofisi yetu inasema usipime nyumba ya ndugu yako. Naijua, tena mimi ndiye ninayewafundisha wageni kazini. Nilijiambia napita kuangalia tu. Uongo mtupu. Nilikwenda kuitafuta nne.

Mwenzangu wa kazi alikuwa ameshafika. Tunamwita Bwana Futi, kwa sababu futi ya kupimia haibanduki kiunoni mwake; hata harusini huenda nayo. Ni mtu wa polepole, na siku nyingine upole wake hunitia wazimu. Alikuwa ng'ambo ya barabara anapima mti uliokatika.

Nikaitazama sakafu ya mama. Tupu! Hata ukuta mmoja haukubaki. Moyo wangu uliruka kwa furaha, na aibu ya furaha hiyo ninayo mpaka leo. Nne, nikasema. Nne kabisa.

Kisha nikafanya kosa la kuangalia pembeni. Hatua kumi kutoka kwenye msingi kulikuwa na mche wa waridi, na majani yake yote yalikuwepo. Kamba ya nguo ya jirani ilikuwa bado ina vibanio. Nyumba ya jirani mwenyewe ilipoteza kipande cha paa, basi. Upepo wa daraja la nne huchuna miti magome. Huu uliopita hapa haukuweza hata kuondoka na kibanio cha nguo.

Nikapanda juu ya sakafu. Nyumba ya mbao hufungwa kwenye zege kwa bolti. Unazizamisha zege likiwa bichi, ncha zinabaki zimechomoza. Ubao wa chini wa ukuta unatobolewa na kuvishwa juu yake, halafu unaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, na kukaza nati. Upepo ukiing'oa nyumba iliyokazwa, hauwezi kuondoka bila kuacha alama: bolti zinapinda, ubao unapasuka, na vipande vyake vinabaki vimebanwa chini ya washa.

Nilihesabu bolti kumi na sita. Zote zilikuwa zimenyooka, na hakuna hata moja yenye nati. Nikapiga magoti nikapitisha ukucha kwenye meno ya ile ya kwanza. Uji wa saruji uliokauka ulikuwa bado umejaa mle. Nati haikuwahi kupita hapo, si siku ya kimbunga wala siku nyingine yoyote. Miaka mitatu mama yangu alilala ndani ya nyumba iliyoshikiliwa na uzito wake na misumari michache.

Nikakaa chini pale pale. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikamwona mama ndani ya lile beseni, anaburutwa, godoro juu yake, na nikalia.

Bwana Futi alivuka barabara, akasimama kando. Hakuziangalia zile bolti. Alikuwa ameshaziona, huyo haponyokwi na kitu.

"Mimi nilikuwa kwenye mti," akasema taratibu. "Hapa bado sijafika. Naweza kufika sasa. Naweza pia nikafika baada ya nusu saa."

Nikamwelewa. Nusu saa na nyundo zinatosha kupinda bolti kumi na sita. Nyundo tulikuwa nayo, kwenye sanduku la vifaa, na sitakudanganya, niliitazama. Damu nzito kuliko maji. Nilimwona mdogo wangu barabarani akinyooshewa vidole, na mama wodini akinyamazishwa na wale aliowatambia.

Lakini zile nyumba kumi na moja nazo zikanijia akilini. Kama hii haikukazwa, je, zile? Nikiandika nne, watu watatulia ndani yake, wafunge madirisha, walale, mpaka upepo mwingine uje.

"Fika sasa," nikamwambia. "Na uandike wewe. Mimi ni ndugu."

Akachuchumaa, akapima, akapiga picha bolti moja moja. Halafu akaandika: daraja la pili. Akaniletea chupa yake ya maji ninawe uso.

Mdogo wangu nilimkuta karakanani, amesimama mbele ya mashine isiyowashwa. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Nati ziko wapi?"

Hakuuliza nati gani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Siku ile kuta zilisimama jioni," akasema. "Nikasema kesho narudi kukaza. Kesho yake mteja mmoja akanihitaji upesi, nikaenda kwake. Niliporudi kwa mama, vijana wa jipsamu walikuwa wameshaziba kuta. Nikasema nitafungua siku moja, nikaze."

"Siku moja! Miaka mitatu, wewe!"

"Dada, kila nikienda kumsalimia nilikuwa nauangalia ule ukuta. Anapakua, nakula, nauangalia. Nikija na spana itabidi nimwambie kwa nini. Nikaona haya."

"Na zile kumi na moja?"

"Zimekazwa."

"Eti zimekazwa! Nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Twende ukaone."

Tukaenda. Ilituchukua siku mbili. Kila nyumba alibisha hodi mwenyewe, akasema mwenyewe: "Nyumba ya mama haikukazwa, naomba niwaonyeshe kama yenu imekazwa." Mwenye nyumba anakunja mikono, mdogo wangu anapiga magoti, anakata tundu la kupitisha mkono chini ya ukuta. Mimi naingiza spana.

Nyumba ya kwanza nati haikusogea hata unywele. Nikashusha pumzi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilining'inia kwenye ile spana kwa nguvu zangu zote, na mimi si mwembamba, wapi! Wenye nyumba walianza kumpa mkono. Mmoja alitutengenezea chai. Mwingine akamwambia, "Fundi, wewe ni mtu wa kweli, nina choo cha nje nataka unijengee."

Ningefurahi, na mpaka nyumba ya tano nilifurahi. Baada ya hapo kila nati iliyokaza ilianza kunichoma. Ya saba, ya nane, ya kumi. Zote zilikuwa na washa, na alama ya rangi nyekundu ya mkaguzi. Tulipotoka ya kumi na moja nilimkabidhi mdogo wangu spana. Kazi yake ilikuwa imepona. Kati ya nyumba kumi na mbili alizojenga maishani, isiyokazwa ilikuwa moja tu.

"Kwa nini yake?" nikamuuliza njiani.

"Za watu mkaguzi huja na spana kabla kuta hazijazibwa," akasema. "Ya mama, nani anaita mkaguzi?"

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilitaka kumtupia methali hiyo, nikaiona ndogo, nikaiacha.

Tulifika wodini saa ya kutazama wagonjwa. Mama alikuwa amesukwa nywele, bega limefungwa, na alikuwa ameshampata mgonjwa mpya wa kumsimulia. Alipotuona alinyoosha mkono mzima.

"Enhe! Mmeleta nambari yangu? Ngapi?"

"La pili, mama," nikasema.

Alicheka kwanza. Halafu akanitazama, na kicheko kikaisha. Sikuhitaji kumfafanulia. Mama yangu anajua kwamba daraja la pili huiacha nyumba nzuri bila paa, lakini kuta zake zinabaki. Nilimfundisha mwenyewe, kwa sahani na vijiko, juu ya meza ile ile.

"Kwa hiyo haukuwa upepo mkubwa," akasema.

"Haukuwa mkubwa, mama."

Akageuka polepole, kwa sababu ya bega, mpaka akampata mdogo wangu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Na za watu wengine, baba? Nazo ziko hivyo?"

"Hapana mama. Za watu zimekazwa. Zote." Akaikunja ile kofia. "Za watu zina mkaguzi."

 Mama alivuta uzi wa shuka kwa vidole viwili.

"Mimi sikuita mkaguzi," akasema mwishoni. "Nilikuwa na wewe."

Mdogo wangu alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, mtu mzima na ndevu zake, akaweka uso kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti. Muuguzi alichungulia akarudi. Mama hakumgusa. Nilihesabu dakika nzima, pengine mbili, hakumgusa, na niliogopa kuliko nilivyoogopa juu ya ile sakafu tupu.

Kisha akaushusha mkono wake mzima kichwani mwa mwanawe, ukatulia hapo.

"Utanijengea tena," akasema. "Wewe utajenga. Dada yako atakagua. Na mimi nitakaa kwenye kiti na spana mkononi, kuta zisizibwe mpaka nimeijaribu kila nati kwa mkono wangu."