Gesi ya Jikoni

Wateja walimwita Chapchap, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa AC za magari. Gari liingie kwake linapuliza hewa ya moto kama mdomo wa tanuri, mwenyewe hajamaliza soda yake, tayari linatoa ubaridi. Kazi hiyo alifundishwa na dada yake mkubwa, aliyekuwa na gereji ng'ambo ya barabara, geti lake la bluu likitazamana na geti la mabati la mdogo wake. Dada naye alikuwa na jina lake la mtaani: Mama Miwani. Hakuwahi kufungua mpira wa gesi bila kuvaa miwani mikubwa ya kazi na glavu nene, hata joto liwe la kuyeyusha lami.

"Gesi hii ikikurukia inakugandisha," aliwaambia waliomcheka. "Kidole kikiganda nitakipasha. Jicho nitalipasha wapi?"

Zamani ndugu hawa walifanya kazi chini ya paa moja. Hawakutengana kwa ugomvi. Walitengana kwa sababu ya dakika arobaini. Kabla ya kujaza gesi mpya, Dada alitaka ya zamani inyonywe kwa mashine iingie mtungini, isiachiwe hewani. Kisha pampu ivute hewa na unyevu wote uliobaki ndani, izimwe, watu wakae waitazame geji kama mshale unapanda. Ukipanda, kuna mahali panavuja, na hapo kazi inaanza upya. Mwisho kabisa alibandika karatasi chini ya boneti: gesi gani, kiasi gani, tarehe gani, mkono wa nani.

"Dada, unaliandikia gari wasia?" Chapchap alimtania siku moja mbele ya wateja.

"Gesi haionekani," Dada alijibu. "Kitu kisichoonekana kinaandikwa."

Walicheka wote. Lakini mwaka ulipopinduka Chapchap alihamia ng'ambo, akafanya kazi kwa mwendo wake. Saa nne bado walikunywa chai pamoja kwenye benchi la Dada, wakamsengenya kidogo mchomeleaji wa jirani, kisha kila mmoja akarudi kwake.

Sasa, Chapchap alikuwa na baba mkwe. Mzee mpole, mchache wa maneno, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumsifu mkwewe kwa lolote. Hakumsema vibaya pia. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama mawingu na bado hajaamua kama yana mvua. Ijumaa moja mchana mzee huyo alileta gari lake jeupe.

"Kesho asubuhi nampeleka mama yako hospitali ya rufaa," alisema. "Ni safari ya saa nne. Na joto hili, na presha yake ile. AC haifanyi kazi kabisa."

"Liache, baba. Jioni litakuwa friji."

Alisema hivyo kabla hajatazama stoo. Mtungi wake wa gesi ulikuwa mtupu. Alipiga simu dukani, akaambiwa mzigo unaingia Jumatatu. Dada alikuwa na nusu mtungi, hilo alilijua vizuri. Alijua pia kwamba Dada asingempa gesi tu. Angevuka barabara na miwani yake, angetafuta panapovuja, na gari lingelala hapo hadi kesho mchana. Na yeye ahadi ilikuwa imeshatoka mdomoni.

Akaenda nyumbani, akabeba mtungi wa jikoni.

Alikuwa amesikia kwamba gesi ya kupikia nayo hupoza, na kwamba wapo mafundi wanaoitumia. Alijua pia kwa nini Dada alikuwa akiwaita wauaji. Gesi ya AC ya gari lile haikuwa ya kushika moto kama ile ya jiko, ambayo cheche moja ya mashine inaitosha. Akajiambia ni ya siku mbili tu. Jumatatu ataitoa, atajaza ya halali, na hakuna atakayejua. Alipomaliza alishusha boneti bila kubandika karatasi yoyote. Angeandika nini?

Jioni mkewe alitikisa mtungi jikoni. "Huu una wiki moja tu. Mbona umekuwa mwepesi?"

"Nimeazima kidogo."

"Gesi nayo inaazimwa? Utairudisha kwa kikombe?"

Kesho yake adhuhuri simu ililia. Alikuwa baba mkwe, anapiga kutoka hospitali. "Mkwe wangu," alisema, na neno *wangu* hilo Chapchap hakuwahi kulisikia. "Mama yako amelala njia nzima kama mtoto mchanga. Mkono wako una baraka."

Jumatatu gesi ya dukani ilifika. Chapchap alishika simu amwite mzee, akaiweka chini. Utamwambiaje mtu aliyekubariki kwamba alete gari utoe ulichomwekea? Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Mkewe, aliyekuwa amemchimba mpaka akapata ukweli wote, alimwambia, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wewe umelitia maji kwanza, ndipo ukasifiwa. Mwambie baba." Alikubali kwa kichwa. Miezi mitatu ikapita.

Jumanne moja asubuhi alikuwa ameinama kwenye injini ya pikapu, anakaza kompresa, alipoliona gari jeupe linakata kona. Halikuja kwake. Liliingia geti la bluu. Simu ikalia mfukoni.

"Naona una magari matatu hapo, nisikuchoshe," alisema baba mkwe. "Ubaridi umepungua kidogo. Nimempelekea dada yako aongeze."

Hapo ndipo mahali penyewe. Baadaye, kila alipojaribu kulala, alirudishwa palepale: pikapu, spana mkononi, sauti ya mzee sikioni, na barabara ya hatua thelathini katikati yake na dada yake. Maneno yaliyohitajika hayakuwa hata kumi.

"Hamna shida, baba," alisema.

Akasimama na simu mkononi. Alimwona Dada akifungua boneti, akiinama, akitafuta karatasi asiione. Akamwona akimuuliza mzee kitu, mzee akielekeza kidole huku ng'ambo, na Dada akimpungia mkono mdogo wake. Naye akapunga. Akajiambia: ubaridi umepungua, maana yake imeshavuja, iliyobaki ni ya kuhesabu. Akajiambia: saa nne kwenye chai nitamwambia pembeni, mzee asisikie. Akajiambia amalize kwanza bolti tatu zilizobaki.

Alikuwa kwenye bolti ya pili aliposikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama shuka lililolowa likipigwa ukutani mara moja.

Alivuka barabara bila kutazama magari. Mashine ya kunyonyea gesi ilikuwa inawaka upande mmoja, moto wa bluu ukilamba ukingo wa boneti. Mchomeleaji wa jirani alishafika, amechomoa kizimamoto cha Dada ukutani, anapuliza unga mweupe kila mahali. Mzee alikuwa ameketi chini, mzima. Dada alisimama katikati ya unga ule, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Nyusi zilikuwa zimekwenda. Macho yalikuwa salama nyuma ya miwani iliyopauka. Lakini zile glavu, zilizotengenezwa kuzuia baridi, zilikuwa zimeyeyukia vidoleni.

"Usinishike mikono," alimwambia mdogo wake, kwa sauti tulivu kabisa. "Nivue miwani tu."

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Ya Chapchap hayakungoja kuzaliwa kizazi cha tatu. Hata hivyo alikaa nayo siku tatu bila kuyatoa. Siku tatu watu walisema mashine ilikuwa mbovu, waya ulichubuka, ni bahati mbaya. Siku tatu baba mkwe alijilaumu: "Laiti ningeliacha gari nyumbani." Chapchap alimsikia na kunyamaza, na kunyamaza kule kulimchoma kuliko kosa lenyewe.

Siku ya nne mkewe hakumwandalia chai. Alisimama mlangoni. "Leo utakwenda kusema wewe, au nitakwenda mimi."

Wodini Dada alikuwa amekaa kitandani, mikono imefungwa bandeji nyeupe hadi viwikoni. Shemeji yake, mume wa Dada, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Chapchap alimwomba atoke kidogo. Kisha akasema yote, tangu mtungi wa jikoni hadi bolti ya pili. Alisema akiangalia sakafu.

Dada hakushtuka.

"Nilisikia harufu," alisema. "Ile harufu ya jiko lililoachwa wazi. Nikafikiri ni yule mama wa chai hapo nje."

"Dada..."

"Ngoja. Nilimuuliza mzee, nani alijaza mara ya mwisho? Akasema wewe." Alijiegemeza kwenye mto. "Lingekuwa gari la fundi mwingine, na halina karatasi, na harufu ile, nisingewasha mashine. Ningeliweka nje kwenye upepo, ningeuliza mara mbili. Lakini nikasema, huyu nimemfundisha mwenyewe. Karatasi amesahau, ndivyo alivyo. Gesi hawezi kukosea."

Chapchap alilia. Dada alimtazama akilia, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kitu, hakumfuta machozi kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Uliniona nikifungua boneti?" aliuliza mwishowe.

"Nilikuona."

"Ulinipungia mkono."

"Nilikupungia."

"Basi," alisema Dada, akageuza uso dirishani. "Kamwite shemeji yako, uji unapoa."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa baba mkwe, akarudia maneno yaleyale. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakumfukuza, hakumtukana. Alisema, "Mama yako alikuwa kwenye gari hilo," kisha akaingia ndani. Tangu hapo humwita "fundi", kama mteja yeyote wa barabarani.

Mikono ya Dada ilipona kwa namna ya kupona. Vidole viwili vya kulia havikunjiki. Ncha za vingine hazisikii moto wala baridi, na fundi wa gesi asiyesikia kwa vidole, kama alivyosema mwenyewe, ni kama mpishi asiye na ulimi. Hakurudi kazini. Siku moja alimkabidhi Chapchap funguo za geti la bluu.

"Sizistahili," Chapchap alisema.

"Sikusema unazistahili. Wateja wangu wanahitaji fundi, na mwingine sina."

Sasa Chapchap anafanya kazi upande ule wa barabara. Anavaa miwani. Anangoja dakika arobaini, wakati mwingine sitini, akiitazama geji mpaka wateja wanapiga miayo, na wale wapya hawaelewi kwa nini fundi mzito hivi anaitwa Chapchap. Jumamosi nyingine Dada huja, huketi kwenye benchi, hushika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Huuliza habari za wifi yake, za watoto wa shule, za bei ya vitunguu. Magari hayatazami. Mara nyingi Chapchap huacha boneti wazi makusudi, mipira imefungwa, karatasi imeandikwa vizuri, akitumaini Dada atainuka, achungulie, amkosoe hata kwa kitu kidogo. Angemgombeza mbele ya watu wote, angeshukuru. Dada humaliza chai yake, husema wasalimie nyumbani, akaondoka.