Mwito wa Sajenti Ojara

Sajenti Ojara alikuwa na mwito wake. Kwao Acholi, ukoo wake ulishika desturi ya zamani: kila mwanamume na sauti zake za pembe, hakuna wa kuziiba wala kuziazima mwenyewe akiwa hai. Zake zilikuwa tano, mbili za juu, tatu za kushuka. Hata alipoingia jeshini alizipiga kwa mluzi akifika kona ya mtaa wao wa Bwaise, na mkewe Abwola akatoka mbio na vigelegele, chapati zikiungua huko nyuma. Sasa ni miaka kumi na tisa tangu apelekwe mpakani. Barua ya jeshi ilisema amepotea. Abwola akasema amechelewa, basi.

Mvua zikija, maji yanapanda hadi kwenye godoro, na mama hahami ng'o. "Akirudi atanikuta wapi?" Maneno hayo yalikuwa yamemchosha Aber, binti yake mpiga filimbi. Heri msiba unaojulikana!

Ndipo akafanya lisilofanywa. Alimpa mwalimu Odyek, mtunzi wa muziki, ule mwito wa baba yake, naye akautungia kazi ya vyombo vinne: filimbi inaita, violini mbili na selo haziitikii. Aber alitaka mama asikie, aelewe mwenyewe. Kusema "baba amekufa" kulimshinda. Woga tu, hakuna jina lingine.

Jumapili alasiri, ukumbi wa kanisa, watu kama arobaini. Abwola alikaa mbele na gomesi yake ya kijani, vazi la heshima. Mwanzo ulikuwa wa nyuzi tupu, akasinzia kidogo. Kisha Aber akavuta pumzi, akapuliza zile sauti tano.

Loo! Mama akasimama wima. Kigelegele kikamtoka, kile cha kumpokea mtu, na huyooo, mbio mlangoni na magoti yake mabovu. "Ojara! Karibu, baba, karibu!" Wengine wakapiga makofi, maskini, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Akafungua mlango. Nje alikuwepo mlinzi, anakula gonja, ndizi ya kuchoma. Abwola akaangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule.

Aber alikuwa ameshashuka jukwaani, machozi yanamtoka. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyepuliza."

"Wewe?" Abwola akaigusa filimbi kwa ncha za vidole. "Mwito wa mtu aliye hai haupulizwi na mwingine."

"Najua, mama."

"Unajua." Akaiachia filimbi. "Tangu lini?"

"Tangu nikiwa shule."

"Na ukaniacha nikimngoja peke yangu."

Jukwaani mwalimu Odyek akawanyamazisha wapiga nyuzi. Abwola akavua viatu, akaketi sakafuni palepale mlangoni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa.

"Rudi ukapulize tena," akasema. "Mara ya kwanza nimempokea. Sasa niache nimlilie."